Buibui, Seramu na Akiba ya Chama

(Mazungumzo ya tabibu mstaafu, ambaye pia ni mwanachama wa chama cha msingi, mbele ya makatibu na wajumbe wa vyama wanachama kabla ya kufunguliwa kwa msimu wa ununuzi wa pamba.)



Nimepewa nafasi hii nizungumze juu ya hoja namba tatu katika orodha yenu ya leo, ile iliyoletwa na vyama viwili vya msingi, inayotaka kila chama kitenge sehemu ya akiba yake kununua dawa ya kuvunja sumu ya buibui na ya nyoka, ili dawa hiyo ihifadhiwe ofisini kwa katibu na kutumiwa mara tu mwanachama anapoumwa. Walioileta hoja hii wameileta kwa nia safi, nami nawaheshimu. Lakini sipendi kumngojesha mtu hadi mwisho wa maneno yangu ndipo ajue niko upande gani. Naipinga hoja kama ilivyoandikwa. Fedha zenyewe sizipingi; nataka zitumike kwa kazi nyingine, nitakayoieleza.

Wengi wenu mnaikumbuka sababu ya hoja. Msimu uliopita, jioni, mmoja wa vijana wapakiaji alitia mkono nyuma ya rundo la magunia makuukuu katika ghala la chama chetu, akahisi kitu kama mwiba. Hakukijali. Alibeba mizigo miwili au mitatu zaidi. Haikupita nusu saa maumivu yakaanza kupanda kutoka kidoleni hadi kwapani, kutoka kwapani hadi kifuani, mwisho yakashuka tumboni. Jasho likamtoka kama mtu aliyemwagiwa maji. Tumbo likakakamaa likawa gumu kama ubao. Hakuweza kukaa, hakuweza kulala, alikuwa akizunguka uwanja wa mizani huku akilia, naye ni kijana wa miraba minne ambaye hakuna aliyewahi kumwona akilia.

Wenzake walifanya kila walilolijua. Mmoja alimkaza mkono kwa kamba ya gunia. Mwingine akamchanja kwa wembe. Mafuta ya taa yakamiminwa juu ya chale. Mtu akatumwa mbio kijiji cha pili kuazima jiwe la nyoka. Katibu wetu, ambaye yupo hapa na amenipa ruhusa niyaseme haya, alikumbuka kichupa alichokuwa amekinunua kwa fedha za chama kutoka kwa mchuuzi mmoja wa dawa aliyepita mnadani miaka miwili nyuma, akaambiwa kuwa kinaponya kila sumu ya mdudu na nyoka. Kichupa hicho kilikaa kabatini, pamoja na vitabu vya stakabadhi na sampuli za dawa ya kunyunyizia pamba. Mimi nilipofika kwa baiskeli, bomba la sindano lilikuwa limekwisha kujazwa.

Nilimzuia. Kwa saa ile watu walinichukia, na sikuwalaumu, maana mgonjwa alikuwa akipiga mayowe na mimi nilikuwa nikimnyang'anya dawa. Hata sasa wako wanaoamini kwamba kijana alipona kwa bahati. Kwa sababu hiyo nimeona ni wajibu wangu kueleza seramu ni kitu gani, inatendaje kazi, na kwa nini haiwezi kukaa katika kabati la katibu.

Nianze na buibui wenyewe. Takriban buibui wote wana sumu, kwa kuwa ndiyo silaha yao ya kuulia inzi na panzi. Lakini walio wengi mno meno yao hayawezi kuipenya ngozi ya mtu, au sumu yao haina nguvu kwetu. Wanaotuumiza kweli ni wachache. Katika bara letu anayestahili kujulikana zaidi ni yule ambaye watu wa Afrika Kusini humwita buibui wa kifungo, kwa kuwa tumbo la jike ni la mviringo na linang'aa mfano wa kifungo cha koti. Marekani wana ndugu yake wanayemwita mjane mweusi, na Australia wana mwingine mwenye mstari mwekundu mgongoni. Wote hao ni ukoo mmoja. Hapa Afrika Mashariki yule wa kahawia yupo kwa wingi katika makazi ya watu: chini ya viti, katika pembe za choo, chini ya upenu, ndani ya makreti na nyuma ya magunia yasiyosogezwa. Miguu yake ina mabaka ya kahawia na nyeupe, na chini ya tumbo ana alama ya rangi ya chungwa yenye umbo kama la pembetatu mbili zilizogusana ncha. Ni mwoga. Haumi ila akibanwa. Naye akiuma, mara nyingi maumivu hubaki palepale alipouma na kuisha yenyewe.

Ndugu zake weusi ndio wakali. Katika mashamba ya ngano ya Rasi ya Magharibi, huko Afrika Kusini, wavunaji waliokuwa wakikusanya ngano kwa mikono waliumwa nao wakati wa mavuno. Kabla ya hapo, kwa karne nyingi, wavunaji wa kusini mwa Italia, karibu na mji wa Taranto, walikuwa wakisema kwamba aliyeumwa na buibui hana budi kuchezeshwa ngoma mfululizo hata siku kadhaa ili jasho lifukuze sumu. Wataalamu wengi wa leo wanaona kwamba pale ambapo kuumwa kulikuwa kwa kweli, mwenye kosa alikuwa ni buibui wa ukoo huu huu. Ninayataja haya makusudi. Ugonjwa huu tangu zamani ni ugonjwa wa mkulima wakati wa mavuno, kwa kuwa ndiyo saa mkono wa mtu unapoingia mahali ambapo buibui amekaa kwa raha miezi mingi. Ghala letu nalo hufunguliwa mara moja kwa mwaka.

Sumu ya ukoo huu haiozeshi nyama. Kazi yake ni kwenye mishipa ya fahamu. Huifanya ncha za mishipa hiyo imwage kwa mara moja zile kemikali ambazo kwa kawaida hutolewa kidogo kidogo kuamrisha misuli na tezi. Kwa hiyo misuli hukakamaa, jasho hutoka bila kiasi, moyo hupiga mbio na shinikizo la damu hupanda. Mwaka 1933 mwalimu mmoja wa Chuo Kikuu cha Alabama, Marekani, Allan Blair, alijiumisha kwa makusudi kwa mjane mweusi ili aandike yatakayompata. Alimwacha buibui amwume kidoleni kwa sekunde 10 tu. Akaishia hospitali kwa maumivu makali ya siku kadhaa, na daktari aliyempokea aliandika kwamba hajapata kumwona mgonjwa mwenye maumivu zaidi ya yale. Hakuna aliyemlazimisha. Mimi nisingelifanya.

Kukakamaa kwa tumbo ndiko kunakoponza. Mgonjwa wa namna hii akifika hospitali bila kusema habari ya kuumwa, tumbo lake hufanana kabisa na tumbo la mtu aliyetoboka utumbo, na wako waliopasuliwa bila sababu. Kwa hiyo, ndugu makatibu, mkimpeleka mgonjwa, asindikizwe na mtu aliyeona mambo tangu mwanzo, naye aeleze: alikuwa akifanya nini, mkono ulikuwa wapi, maumivu yalianzia wapi, saa ngapi. Kijana wetu alikwenda na mwenzake wa namna hiyo, na maelezo hayo yaliokoa muda mwingi kuliko kitu kingine chochote tulichofanya jioni ile.

Sasa seramu. Wazo lake lilianza katika miaka ya 1890, ambapo Mfaransa Albert Calmette alitumia ujuzi wa kinga uliokuwa mpya wakati huo. Mnyama, kwa kawaida farasi, hudungwa sumu kidogo sana isiyoweza kumdhuru, kisha huongezwa polepole kwa majuma na miezi. Mwili wake hutengeneza askari wa kupambana na sumu ile. Farasi hutolewa damu kwa kiasi, sehemu yenye askari hao husafishwa, nayo ndiyo hutiwa chupani. Mgonjwa akipewa, askari wa farasi huikamata sumu inayotembea katika damu yake na kuizuia isifike inakokwenda. Hapo mtaona jambo moja: seramu huikamata sumu. Haitengenezi kilichokwisha kuharibika. Ndiyo maana saa ni mali.

Calmette mwanzoni alidhani seramu yake moja itafaa kwa nyoka wa nchi zote. Daktari wa Brazili, Vital Brazil, aliijaribu kwa sumu ya nyoka wa kwao akaona haifai kitu. Kuanzia mwaka 1901, huko São Paulo, katika taasisi ambayo leo yajulikana kwa jina la Butantan, akaanza kutengeneza seramu za nyoka wa nchi yake mwenyewe, na akathibitisha kanuni ambayo haijabatilishwa hadi leo: kila seramu huitambua sumu iliyotumika kuitengeneza, pamoja na zile zinazofanana nayo sana. Ya nyoka haimfai aliyeumwa na buibui. Ya buibui mmoja haimfai aliyeumwa na buibui wa ukoo mwingine. Na ya nyoka wa Asia haiwezi kutegemewa kwa nyoka wa Afrika, hata wakiwa wanaitwa kwa jina moja.

Kichupa cha katibu wetu nilikisoma baadaye kwa miwani. Kilikuwa kimetengenezwa kwa nyoka wanne, wote wa Bara Hindi. Muda wake wa matumizi ulikuwa umepita kwa miezi kumi na minne. Kilikuwa cha maji, ambacho hutakiwa kukaa katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8, nacho kilikuwa kimekaa kiangazi viwili chini ya bati. Tungelimpa kijana yule protini ya farasi iliyooza, isiyohusika na ugonjwa wake kwa njia yoyote.

Msidhani ni sisi tu tuliodanganyika. Nchini Ghana, katika hospitali moja, mwaka 2004 walibadilishiwa seramu iliyokuwa ikitumika wakaletewa nyingine ya bei nafuu iliyotengenezwa kwa sumu ya nyoka wa Asia. Vifo vya walioumwa na nyoka vilipanda kutoka chini ya 2 hadi 12 katika kila wagonjwa 100. Madaktari walikuwepo, vitanda vilikuwepo, sindano zilikuwepo. Chupa ndiyo haikuwa yake. Na ilikuwa zamani kidogo kabla ya shida kubwa zaidi, maana mwaka 2014 kampuni ya Ufaransa iliyokuwa ikitengeneza seramu moja nzuri ya nyoka wa Afrika iliacha kazi hiyo, na chupa zake za mwisho zikaisha muda katikati ya mwaka 2016. Palipo na upungufu wa namna hiyo wachuuzi hawakosi.

Seramu ikiwa ndiyo yenyewe, hufanya maajabu, wala sitaki mtoke hapa mkidhani naidharau. Kule Sydney, Australia, yupo buibui mweusi anayejenga shimo lenye mlango mfano wa faneli. Dume lake sumu yake huweza kumwua mtoto kwa muda usiozidi saa moja au mbili. Tangu mwaka 1927 hadi 1980 vilihesabiwa vifo 13. Daktari Struan Sutherland, akifanya kazi katika maabara ya seramu ya serikali mjini Melbourne, alitafuta njia kwa miaka mingi ambapo wengine walikuwa wameshindwa, na mwisho alitumia sungura, wanyama ambao kwa ajabu ya maumbile sumu ile haiwadhuru sana. Seramu ilitumika mara ya kwanza mwaka 1981. Tangu mwaka huo hakujaandikwa kifo hata kimoja cha buibui huyo.

Kuna sehemu moja ya habari hiyo iliyonigusa kama mwanaushirika. Sumu ya kutengenezea seramu hiyo inatokana na buibui wanaoletwa na raia wa kawaida. Mtu akimkuta bustanini humfunika kwa chupa ya kioo, humpeleka mahali palipotengwa, kisha bustani moja ya wanyama karibu na mji huo huwakamua. Buibui mmoja hutoa kiasi kidogo mno, kwa hiyo chupa moja ya seramu inahitaji ukamuaji mwingi sana. Hakuna mkulima wala fundi mmoja angeliweza kulifanya hilo peke yake.

Sasa lisikilizeni la pili kutoka nchi hiyo hiyo. Buibui wao mwenye mstari mwekundu, yule ndugu wa buibui wa kifungo, amekuwa na seramu tangu mwaka 1956, na maelfu ya watu walidungwa. Ikaaminiwa kwa zaidi ya nusu karne. Halafu madaktari wakaijaribu kwa njia ya haki: wagonjwa 224, nusu wakapewa seramu, nusu maji matupu, wote wakipewa dawa za maumivu, pasipo mgonjwa wala mganga kujua nani kapata nini. Matokeo yalitangazwa mwaka 2014. Waliopewa seramu walipata nafuu zaidi kwa kiasi kidogo tu, kiasi ambacho wataalamu walisema huenda ni bahati. Tangu hapo madaktari wengi huko huanza kwa dawa nzuri za maumivu, nao hufikiri mara mbili kabla ya kutoa seramu. Yaani nchi yenye seramu, yenye friji, yenye ndege za kubebea wagonjwa, inafikiri mara mbili.

Sababu ya kufikiri ni hii. Seramu inatoka kwa mnyama, na mwili wa mtu huweza kuikataa kwa ghadhabu. Ndani ya dakika chache mgonjwa huwashwa mwili mzima, uso huvimba, koo huziba, shinikizo la damu huporomoka, na asipopewa adrenalini papo hapo anakufa. Anakufa kwa dawa, wakati ambapo sumu ya buibui yamkini isingelimwua. Kwa hiyo hospitalini seramu hutolewa mshipani, adrenalini ikiwa imekwisha kuvutwa katika bomba la pembeni, hewa ya oksijeni ikiwa karibu, na mwuguzi akiwa hasogei kitandani. Zamani tulifundishwa kujaribu tone moja chini ya ngozi ili kujua nani ataikataa. Jaribio hilo limeachwa, kwa kuwa halibashiri kitu. Na hata aliyevuka salama huweza kurudi baada ya siku 5 hadi 14 akiwa na homa, maumivu ya viungo na vipele. Tena dozi ya mtoto ni sawa na ya mtu mzima, kwa sababu buibui na nyoka hawapimi sumu kwa kilo za mtu. Mganga wa kubahatisha angelimpunguzia mtoto, na kumpunja.

Haya ndiyo yaliyokuwa ndani ya bomba lile, ndugu katibu. Adrenalini hatukuwa nayo.

Kijana alifikishwa hospitali ya wilaya kwa lori la mnunuzi, baada ya saa nne tangu kuumwa. Saa mbili na nusu katika hizo zilipotea kwa kutafuta gari na kubishana juu ya nani atalipa mafuta. Hospitali haikuwa na seramu ya buibui, wala haikuihitaji. Alipewa dawa kali ya maumivu, dawa ya kulegeza misuli, na sindano ya pepopunda, akalazwa huku shinikizo la damu likipimwa kila mara. Siku ya tatu alitembea. Kilichomweka hospitali siku sita zaidi ni zile chale, ambazo ziliingiwa na uchafu zikatunga usaha. Buibui hatukumpata, kwa hiyo siwezi kuapa mbele yenu kwamba ni yule mweusi. Naijua dalili tu.

Yanayotakiwa kufanywa ni machache, na yanawezwa na kila mtu. Aliyeumwa na buibui aoshwe kwa sabuni na maji, awekewe kitambaa kilicholoweshwa maji ya baridi, apewe dawa ya kawaida ya maumivu. Asikazwe kamba: sumu ya ukoo huu huenda polepole, na kubana huongeza maumivu tu. Maumivu yakibaki mahali pamoja, atazamwe hadi kesho. Yakianza kutembea, au jasho likimtoka, au akitapika, au tumbo likikaza, aende hospitali mara moja. Mtoto mdogo, mama mjamzito, mzee na mwenye ugonjwa wa moyo wasingojewe hata dalili.

Kwa nyoka mambo yana uzito mkubwa zaidi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuumwa na nyoka, na mwaka 2017 liliiweka ajali hii katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa. Hapa seramu ndiyo tegemeo hasa, na kwa kifutu, ambaye wengine humwita bafe, au kwa fira au koboko, hakuna mbadala wake. Mguu au mkono ufungwe kwa gango kama uliovunjika, pete na bangili zivuliwe kabla ya uvimbe, mgonjwa asitembee mwenyewe, abebwe. Wembe usiguse mwili wake. Jiwe la nyoka halivuti sumu. Ninajua wako wazee humu wanaoliamini, na wameona watu wakipona, nami nimeona. Sababu ni kwamba wengi huumwa na nyoka wasio na sumu, au na wenye sumu ambao hawakuitoa. Hao wangelipona hata kwa kuwekewa kokoto.

Nimalizie upande wa fedha, maana ndio uliotukutanisha. Kwanza, napendekeza kila chama kiwe na fungu dogo la dharura, lisiloguswa kwa jambo lingine, la mafuta ya gari, na kiandikiane mapema na wenye magari wawili au watatu na waendesha pikipiki: nani ataitwa, kwa simu gani, kwa kiasi gani. Simu hizo zibandikwe mlangoni mwa ofisi, si ndani ya daftari la katibu. Pili, glavu ngumu na viatu vya buti kwa wapakiaji wa kila ghala, na tochi moja yenye betri. Tatu, Chama Kikuu kwa niaba ya vyama vyote kimwandikie Mganga Mkuu wa Wilaya kuuliza ni kituo kipi chenye seramu ya nyoka iliyotengenezwa kwa nyoka wa Afrika, na ni siku gani inakwisha muda, na barua hiyo irudiwe kila mwaka kabla ya mvua. Kama hakuna kituo chenye nayo, hapo tutakuwa na jambo la kudai, na tutalidai kwa sauti ya vyama vyote badala ya kila mmoja kununua kichupa chake mnadani. Nne, vichupa vilivyomo makabatini sasa, na najua si kwetu tu, vipelekwe hospitalini vikaharibiwe.

Kwa hiyo namwomba Mwenyekiti hoja namba tatu ijadiliwe pamoja na marekebisho haya.

(Baada ya mazungumzo wajumbe waliuliza maswali. Mawili yameandikwa hapa kwa faida ya vyama ambavyo havikuwakilishwa.)

Mjumbe mmoja, mama, aliuliza: Mume wangu alikojolewa na buibui shingoni akiwa amelala, pakatoka malengelenge kama ya moto. Je, sumu hiyo nayo ina seramu?

Tabibu: Mama, buibui hamkojolei mtu. Mara nyingi malengelenge ya namna hiyo hutokana na kidudu chembamba chenye mapingili mekundu na meusi, ambacho Wazungu wa zamani walikiita inzi wa Nairobi ingawa si inzi. Hakiumi wala hakidungi. Majimaji yake huunguza anapopondwa juu ya ngozi. Huzidi sana baada ya mvua nyingi, kama ilivyokuwa Kenya mwaka 1998. Akitua mwilini apulizwe, asipondwe. Akipondwa, paoshwe kwa sabuni mara moja, na mkono uliomponda usiguse macho. Lakini malengelenge yakifuata mstari upande mmoja wa mwili, yenye maumivu ya kuchoma, huo huenda ni mkanda wa jeshi, nao una tiba yake hospitalini. Asikae nyumbani akimlaumu buibui.

Katibu wa chama kingine aliuliza: Kwa kuwa ghala litafunguliwa wiki ijayo, tulipulizie dawa ya pamba ili buibui wote wafe?

Tabibu: La. Dawa ile ni ya shambani, na ninyi mtafanya kazi humo kutwa mkiivuta. Fungueni milango yote asubuhi, vaeni glavu, toeni magunia nje moja moja na kuyakung'uta juani, kisha fagieni pembe na chini ya mbao za kupangia kwa ufagio mrefu. Tafuteni mayai. Yule wa kahawia huyaweka katika kifuko cha mviringo, chenye vimiba mwili mzima. Mkikiona hicho mjue mwenyewe yu karibu, na kichomwe siku hiyo hiyo.